Mapato ya hospitali yanapotelea kwenye vipimo vya kabla ya upasuaji

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni yangu kuhusu jambo ambalo bodi za hospitali zetu za serikali hulijadili karibu kila zinapokutana, nalo ni uhaba wa mapato. Mara nyingi mjadala huishia kwenye bei: kipimo fulani kipandishwe, gharama ya kulazwa ipandishwe, mgonjwa afunge mkanda. Mimi nasema kabla ya kumgusa mgonjwa tuingie kwanza kwenye chumba ambacho wakubwa hawakitembelei sana, chumba cha kuwaandaa wagonjwa waliopangiwa tarehe ya upasuaji. Pale kuna fedha ambayo hospitali imekwisha kuifanyia kazi. Damu imetolewa, vitendanishi, yaani dawa za kupimia maabara, vimetumika, majibu yamesomwa na daktari ameyatumia, lakini hospitali hailipwi kwa sababu hakuna aliyeandika inavyotakiwa.

Mimi ni muuguzi mstaafu. Sehemu kubwa ya utumishi wangu niliifanya wodi ya upasuaji katika hospitali za Kanda ya Ziwa hapa Tanzania, na miaka ya mwisho nilipangiwa chumba cha aina hiyo. Kwa wasiokijua: mgonjwa wa ngiri, goita, tezi dume au uvimbe kwenye kizazi akishaonwa kliniki na kupewa tarehe, lazima aangaliwe kama mwili wake utahimili dawa ya usingizi na kisu. Anapimwa wingi wa damu na kundi la damu, wengine sukari na figo, wengine eksirei ya kifua, na wazee na wenye presha wanapimwa umeme wa moyo. Mtaalamu wa usingizi anamhoji kuhusu pumu, dawa anazotumia, hata meno yanayolegea. Ukimjumlisha mgonjwa mmoja unakuta ameandikiwa vipimo vingi kwa siku moja kuliko mgonjwa wa kawaida wa nje anavyoandikiwa kwa mwaka. Ndiyo maana uzembe mdogo wa kalamu katika chumba hiki unagharimu kuliko mahali pengine.

Namkumbuka mama mmoja aliyeletwa na mwanawe, mwalimu wa shule ya msingi, ambaye ndiye aliyemkatia kadi ya Bima ya Afya kama tegemezi wake. Mama alikuwa na uvimbe kwenye kizazi na damu ilikuwa imempungukia. Daktari aliyekuwa kwenye mafunzo kwa vitendo alimwandikia vipimo vyote kwenye kipande cha karatasi kilichochanwa daftarini, maabara wakavifanya vizuri tu, na majibu yakabandikwa kwenye faili. Nilipoifungua fomu yake ya bima, ile tunayoiita 2A&B, kilichojazwa kilikuwa ni kumwona daktari basi. Sehemu ya vipimo ilikuwa tupu. Sehemu ya ugonjwa iliandikwa "kwa upasuaji", na upasuaji si ugonjwa. Saini ya daktari ilikuwa mchoro usiosomeka, namba yake ya usajili haikuwapo, na mama hakuwa ametia saini yake kwa sababu alikwishakimbilia basi la jioni.

Fomu kama ile husafiri mpaka jengo la uhasibu, ambako mwisho wa mwezi afisa madai anakaa na marundo ya fomu mbele yake. Yeye hakuwapo mgonjwa alipopimwa. Hajui kama damu ilioanishwa, yaani kulinganishwa na ile atakayoongezewa mgonjwa, au haikuoanishwa. Hawezi kumwekea daktari saini. Anabaki na njia mbili: aipeleke fomu ilivyo, vipimo vikatwe, yaani bima isivilipe, au aviache vipimo nje ya madai ili angalau ada ya daktari ipite. Njia ya tatu ni kughushi, na hiyo ni jinai. Kwa vyovyote vile hospitali imepoteza. Mwalimu yule alikuwa akikatwa asilimia 3 ya mshahara wake kila mwezi na mwajiri akamwongezea asilimia 3 nyingine, fedha ikakaa kwenye Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF) ikisubiri kudaiwa kihalali. Hospitali yenyewe ndiyo haikuidai.

Simlaumu mtu wa Mfuko anayeikataa fomu ya namna hiyo. Fedha ni ya wanachama, na Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya uliundwa kwa sheria ya mwaka 1999 na kuanza kazi mwaka 2001 ili fedha hiyo itumike mahali panapoonekana. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zimekuwa zikitaja madai ya vituo vya afya yaliyokataliwa. Watu wakizisoma wanadhani ni wizi. Kwa niliyoyaona mimi, mengi ni mambo ya saini, tarehe, ugonjwa usioandikwa na kipimo kisicholingana na ugonjwa ulioandikwa. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Kipimo cha umeme wa moyo kinastahili kusemwa peke yake. Katika hospitali nyingi hakifanyiki maabara wala chumba cha eksirei, anakifanya muuguzi au daktari kwa mashine ndogo inayosukumwa kwenye kigari hadi kitandani. Kwa kuwa hakipiti dirisha lolote, hakuna anayekidai. Karatasi inatoka, inabanwa na pini kwenye faili, kazi imekwisha. Na karatasi zile nyingi ni za kuchapwa kwa joto, zinafifia. Mkaguzi wa Mfuko akija baada ya miezi kadhaa kutaka ushahidi wa kipimo, anaonyeshwa ukanda mweupe wenye vimistari vya waridi. Nilikuwa nikiwaambia vijana watoe nakala ya karatasi hiyo siku hiyo hiyo na kuandika tafsiri ya daktari kwa kalamu kwenye faili, na wengine waliona namsumbua mtu bure. Gharama ya nakala moja ni ndogo mno ukiilinganisha na kipimo kinachokatwa.

Najua wapo watakaosema hayo ni ya zamani, sasa kila kitu ni mfumo. Kweli, kompyuta zimeingia na zimesaidia sana. Lakini mfumo unajua kile tu ambacho mtu amekiingiza. Daktari akiagiza vipimo kwa mdomo wakati wa raundi, mfumo hauna habari. Umeme ukikatika au mtandao ukilala, watu wanarudi kwenye karatasi, mtandao ukirudi hakuna anayekaa kuingiza karatasi za saa zile tatu zilizopita kwa sababu foleni mpya imeshasimama mlangoni. Na wagonjwa wa upasuaji wa kupangiwa hupimwa zaidi asubuhi, saa ambayo mfumo unaelemewa na kila idara.

Kuna kipindi tulijaribu jambo ambalo naamini kila hospitali inaliweza. Karani wa madai alitolewa uhasibu akaletewa meza katika chumba chetu, asubuhi tu, siku za kliniki ya upasuaji. Kadi ya bima ikawa inahakikiwa kabla sindano haijagusa mkono wa mtu, na kipimo kinachohitaji kibali cha Mfuko kikawa kinaombewa kibali papo hapo, mgonjwa akiwa amekaa kwenye benchi. Hakuna chupa ya damu iliyoruhusiwa kwenda maabara bila namba ya bili kuandikwa kwenye karatasi ya kuombea kipimo. Daktari aliandika ugonjwa kwa jina lake, na kama kipimo kilikuwa na sababu ya pembeni, kwa mfano presha au kisukari, aliandika na hiyo. Tuliwachongea madaktari mihuri ya mpira yenye jina na namba ya usajili, ikafungwa uzi kwenye mguu wa meza ili isitembee. Mgonjwa alitia saini au dole gumba kabla hajatoka mlangoni.

Matokeo yake hayakuhitaji mtaalamu kuyaona. Barua za makato zikawa fupi. Jambo ambalo sikulitarajia ni jinsi wagonjwa wenyewe walivyopata nafuu, maana yule wa bima hakuzungushwa tena siku ya kulazwa akiulizwa karatasi ambazo hakuwahi kupewa. Kisha uongozi ukabadilika, karani akahamishiwa mapokezi kwa sababu ya upungufu wa watumishi, meza ikachukuliwa, na mambo yakarudi yalikotoka. Hilo liliniuma na bado linaniuma, maana mshahara wa karani yule ulikuwa ukijilipa wenyewe.

Sasa nimzungumzie mgonjwa asiye na kadi, anayelipa kutoka mfukoni. Huyu ndiye ninayemhurumia zaidi. Anaambiwa akalete kontroo namba, yaani namba ya kulipia serikalini, ya wingi wa damu, anapanga foleni, analipa kwa simu, anarudi. Anaambiwa bado kundi la damu, anarudi foleni. Mchana anaambiwa daktari ameongeza kipimo cha figo. Kila kimoja kina bili yake, na kila bili ina safari yake. Wapo waliokata tamaa wakarudi kijijini wakiwa wamelipia nusu ya vipimo, na tarehe ya upasuaji ikapita bila mtu kwenye meza. Hapo hospitali imepoteza mara mbili: vipimo vilivyobaki, na upasuaji wenyewe.

Siukosoi mfumo wa malipo ya serikali kwa kontroo namba ulioanza mwaka 2017. Umefuta ule mchezo wa risiti za mkono na fedha kulala kwenye droo ya keshia. Ninachotaka ni bili moja. Daktari anapompangia mgonjwa tarehe, kliniki iandae orodha nzima ya vipimo vyake na jumla yake, pamoja na gharama ya upasuaji na kulazwa, apewe karatasi aende nayo nyumbani. Mtu wa kwetu akijua anadaiwa kiasi gani na lini, anajipanga: anauza mbuzi, anasubiri pamba inunuliwe, anaita kikao cha ukoo. Anayeshtukizwa kwa vipande vipande hujikuta amekopa kwa riba palepale nje ya geti. Tume ya jarida la Lancet kuhusu upasuaji duniani ilikadiria mwaka 2015 kwamba watu milioni 33 kila mwaka wanatumbukia kwenye gharama za kuangamiza kaya kwa kulipia upasuaji na ganzi. Kila nikiisoma takwimu hiyo nawaona wazee wa kwenye benchi letu.

Hapa nafika kwenye jambo ambalo baadhi ya wenzangu hawatalipenda. Tunapima mno. Kijana wa miaka ishirini na kitu, mzima, anayetolewa uvimbe mdogo wa mafuta begani kwa ganzi ya sindano, anaandikiwa picha kamili ya damu, figo, ini na eksirei ya kifua, kwa sababu fomu ya zamani ya wodi ina visanduku hivyo na mtu anaviwekea tiki vyote. Utafiti mkubwa uliofanyika Marekani na Kanada na kuchapishwa mwaka 2000, uliohusisha operesheni za mtoto wa jicho zaidi ya 19,000, ulionyesha kwamba kumpima kila mgonjwa bila sababu mahususi hakukuongeza usalama wowote. Uingereza nao walitoa mwongozo mwaka 2016 unaopanga vipimo kwa kuangalia ukubwa wa upasuaji na afya ya mgonjwa, na kwa mtu mzima wa afya njema anayefanyiwa upasuaji mdogo, vingi vya vipimo hivyo havifanywi kabisa.

Mtu wa mapato ataniuliza, sasa tukipunguza vipimo si tunapunguza fedha? Nimelishuhudia jibu lake. Vitendanishi vya picha kamili ya damu vikitumika kwa vijana wasiovihitaji, katikati ya mwezi vinakwisha. Kuanzia hapo kila mgonjwa anatumwa maabara binafsi iliyo ng'ambo ya barabara, yule mama mwenye damu kidogo akiwa mmoja wao, na fedha inaenda huko. Kwa wa bima, kipimo kisicho na sababu kinakatwa, kitendanishi kikiwa kimekwisha kuliwa. Kwa wa fedha taslimu, tumekula akiba aliyokuja nayo kwa ajili ya upasuaji. Mapato ya namna hiyo ni kuchota maji kwa pakacha. Kipimo chenye sababu, kilichoandikwa na kulipwa, kinaiingizia hospitali zaidi ya vitatu vya mazoea.

Linalofuatana na hilo ni kuahirishwa kwa upasuaji. Orodha inabandikwa jioni, asubuhi anafika mjamzito wa dharura, meza ya upasuaji inachukuliwa, mgonjwa wa goita anarudishwa wodini au nyumbani. Hilo halina lawama, mama na mtoto kwanza. Lakini kuna kuahirishwa kwa sababu nyepesi: majibu hayakufuatwa maabara, presha haikudhibitiwa tangu kliniki, damu haikuandaliwa, mgonjwa alikunywa chai kwa kuwa hakuna aliyemwambia asinywe. Akipangiwa upya baada ya wiki nyingi, mtaalamu wa usingizi anataka wingi wa damu mpya, na ana haki. Damu iliyooanishwa nayo inakuwa imekwisha muda, kwa kuwa sampuli ya kuoanisha haikai zaidi ya siku chache. Nani alipe mara ya pili? Mfuko unauliza kwa nini kipimo kimerudiwa, na faili halina hata mstari mmoja unaoeleza. Asiye na bima anaambiwa alipe tena, jambo ambalo kwangu ni dhuluma kama kosa ni letu. Ningependa kila upasuaji unaoahirishwa uandikwe sababu yake kwenye faili na kwenye daftari la chumba cha upasuaji, na kipimo kinachorudiwa kwa kosa la hospitali kisimguse mgonjwa.

Kuhusu wagonjwa wa msamaha nitasema kwa kifupi. Mzee wa miaka 60 na zaidi asiye na uwezo, mtoto wa chini ya miaka mitano na wengine waliotajwa kwenye sera wanastahili huduma bila malipo, na wapewe. Ila wapewe kwa maandishi. Vipimo vyao viingizwe kwenye bili kwa bei kamili, kisha vifutwe kwa saini ya ofisa ustawi wa jamii. Leo vingi havionekani mahali popote, na mganga mfawidhi akienda kuomba bajeti ya vitendanishi hana ushahidi wa kiasi alichowahudumia bure.

Nimesikia hoja kwamba muuguzi asigeuzwe mhasibu na daktari asigeuzwe karani. Naikubali, na ndiyo maana naomba karani awekwe pale kazi inapofanyika badala ya kungojea karatasi mwisho wa mwezi. Lakini jina la ugonjwa, sababu ya kipimo na saini ni kazi ya kitabibu. Mtaalamu wa usingizi anayesoma faili usiku anahitaji maneno yale yale ambayo Mfuko unayahitaji. Kilichoandikwa vizuri kwa ajili ya usalama wa mgonjwa ndicho hicho kinacholipwa.

Mwezi Machi 2024 hospitali binafsi zilipogoma kuwahudumia wenye kadi za NHIF kwa sababu ya kitita kipya cha bei, nchi nzima ilizungumza bei. Bei ina nafasi yake. Lakini Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023, na maana yake ni kwamba wenye kadi wataongezeka madirishani. Hospitali ambayo leo haiwezi kudai vipimo vya mama wa mwalimu itahudumia maelfu kama yeye, na hata bei ingepandishwa maradufu, kilichokatwa hakipandi.

Kwa Mfuko nina ombi moja: mnaporudisha makato, msirudishe jumla ya fedha peke yake. Yachambueni kwa idara na kwa sababu, yafike kliniki ya upasuaji, si uhasibu tu. Madaktari wengi hawajawahi kuona barua ya makato yanayotokana na kalamu zao wenyewe.

Kwa waganga wafawidhi, naomba zoezi lisilohitaji mshauri wala semina. Chukueni mafaili ya wagonjwa waliopasuliwa mwezi uliopita, myaweke kwenye meza moja na bili zao. Mfungue faili moja moja, mhesabu majibu ya vipimo yaliyobandikwa ndani, kisha mtazame ni mangapi yamo kwenye bili, na kati ya yaliyomo ni mangapi yamelipwa. Mkae na daktari bingwa wa upasuaji, mtu wa maabara, mtaalamu wa usingizi na afisa madai mkiwa chumba kimoja mnapofanya hivyo. Mkishapata tofauti hiyo, ndipo mwende kwenye bodi kuzungumza habari ya kupandisha bei.

Wako,
Muuguzi mstaafu,
Kanda ya Ziwa